Aliyemfunga Ghanim Taya

Mgeni njoo, mwenyeji afe. Hivyo ndivyo methali ilivyosomwa Kisauni tangu alfajiri ya Jumapili ile, siku ya mwisho ya tamasha la mji, na hakuna aliyecheka. Bwana Ghanim, muuza vitambaa wa mtaa wa Mlaleo, huko huko Kisauni, alikuwa amewapa wageni wawili kutoka Voi chumba chake cha juu ili watazame gwaride. Wageni walifika Jumamosi asubuhi. Jumapili asubuhi mwenyeji alikuwa maiti chini ya ngazi ya nje, kisogo kimepasuka, na wageni hawapo.

Walikamatwa Mariakani, njiani kurudi Voi, kwenye kizuizi cha barabarani, saa mbili na nusu, mmoja akitafuna mhogo. Inspekta Mwanarehema alitumwa kuwachukua. Ni safari ya saa moja kwa siku ya kawaida. Siku ya tamasha, barabara ile humeza watu na kuwatema itakapo yenyewe.

Saa tano na nusu walikuwa wamekwama Miritini. Kushoto malori, kulia mabasi ya watu waliokuwa wakienda mjini kucheza, vitambaa vya rangi vikipepea madirishani. Konstebo Kioko, aliyeshika usukani, alizima injini na kujifuta jasho. Nyuma walikaa wageni wenyewe, wamefungwa pingu moja, mkono kwa mkono: Ronny, fundi wa majokofu, kijana mrefu mwenye shati la maua, na mchumba wake Lynnette, msusi, ambaye mistari ya buluu ya gwaride ilikuwa bado mashavuni mwake.

"Madam, hii kesi imeiva," alisema Kioko. "Tuwafikishe, tuandike, saa saba niko kwa biriani."

"Kesi si ndizi, Kioko."

Simu ililia. Alikuwa Maxwell, mkuu wao wa upelelezi, mtu asiyependa sentensi ndefu.

"Daktari amemwona pale pale nyumbani. Alikufa kati ya saa tatu na saa tano usiku. Pigo la kisogoni. Familia wanataka kumzika baada ya alasiri. Nimekubali."

"Afande, hajapasuliwa."

"Na mimi nimpasue mzee wa watu Kisauni, wiki ya tamasha, na muuaji ninaye? Hapana. Kesho asubuhi huyo kijana atasimama mbele ya hakimu kwa kosa la mauaji."

"Nikipata kitu kabla ya alasiri?"

"Utaniambia. Baada ya alasiri, mwambie kaburi."

Akakata. Ronny alikuwa amesikia yote, kwa sababu simu ya Mwanarehema ilikuwa na sauti kali kama kigae.

"Anza tena," Mwanarehema alimwambia, akigeuka kitini. "Tangu mtoke Voi."

"Tulitoka saa kumi na moja alfajiri, jana. Gari ni la tajiri wangu, ameniazima kwa siku mbili. Tulifika Kisauni saa tatu kasoro. Mzee alitupokea vizuri. Tende, kahawa. Tukaenda kwa gwaride, tukarudi saa moja usiku. Akatufukuza."

"Kwa nini?"

"Kelele."

"Mji mzima ulikuwa ngoma na tarumbeta. Kelele gani zenu alizozisikia yeye?"

Ronny alitazama nje. "Alisema pia hatujaoana."

"Hilo alilijua asubuhi alipowapa ufunguo mmoja. Una sababu mbili za kufukuzwa mara moja, Ronny. Mtu mkweli humtosha moja."

"Muulize huo ufunguo, Madam," Kioko alidakia. "Tumeupata mfukoni kwake. Na muulize hiyo damu."

Kwenye mkono wa shati la Ronny palikuwa na doa jekundu, pana kama kiganja. Mwanarehema alilowesha leso kwa maji ya chupa, akalisugua doa, akainusa leso.

"Damu ikilala usiku kucha huwa ya kahawia na nguo hukakamaa. Hii ina mafuta. Ni rangi ya uso."

"Nilimpaka mtu," alisema Lynnette kwa sauti ndogo. "Ronny alikuwa amenishikia kopo."

"Ulimpaka nani?"

Lynnette alimtazama Ronny. Ronny akatikisa kichwa, kidogo tu, lakini Mwanarehema hakuwa kipofu. Aliliacha swali lile lining'inie.

"Mlilala wapi baada ya kufukuzwa?"

"Hapa hapa Miritini," alisema Ronny. "Pale malori yanapolala. Tuliogopa kuendesha usiku. Tulikula chapati kwa mama fulani, tukalala ndani ya gari."

Foleni haikuwa na dalili ya kusogea. Mwanarehema alishuka.

Mama fulani aliitwa Velma, na alikuwa mahali pake, nyuma ya jiko la mkaa, mikono imejaa unga hadi viwikoni. Mwanarehema alimwonyesha picha ya Ronny kwenye simu.

"Huyu? Huyu namjua na sitaki kumjua tena. Alikuja na msichana saa tatu jana usiku. Msichana analia, yeye anakula. Chapati nne, maharagwe mara mbili. Nikamuuliza, wewe baba, huyu mtoto amefiwa ama umemfanya nini? Akasema wamefukuzwa kwa watu."

"Waliondoka saa ngapi?"

"Nilifunika jiko saa nne. Walikuwa wamelala kwa hiyo gari yao, miguu ya huyo mrefu inatoka dirishani. Asubuhi saa kumi na mbili nikirudi, miguu bado iko hapo."

"Kati ya saa nne usiku na hiyo saa kumi na mbili?"

"Dada, mimi nauza chapati. Silindi miguu."

Mwanarehema alirudi garini. Aliwaambia yote aliyoyasikia, bila kuongeza wala kupunguza, kisha akamwambia Ronny pale panapouma.

"Velma amekutoa mpaka saa nne. Daktari anasema hadi saa tano. Mkuu wangu atasema ulipanda bodaboda, ukaenda Mlaleo, ukamvunja mzee kichwa, ukarudi kulala. Atasema ufunguo uliubakiza kwa ajili hiyo. Na wewe bado unanificha kitu."

"Mwambie kuhusu Samah," alisema Lynnette.

"Tulimwahidi."

"Tulimwahidi jana. Jana hatukuwa na pingu."

Ronny aliinamisha kichwa. Basi Lynnette ndiye aliyesema, maneno yakimtoka kama maji yaliyozuiliwa na kidole. Samah alikuwa binti wa Ghanim, wa pekee, wa miaka ishirini na mbili. Jumamosi asubuhi, baba yake alipokwenda dukani, alipanda ngazi na kuwaomba wamfikishe mjini. Wanafunzi wenzake walikuwa na lori lao la mapambo katika gwaride, na yeye ndiye aliyewafundisha mchezo wote, ila alikuwa amekatazwa kutoka. Alikaa kiti cha nyuma na buibui lake. Mjini akalivua. Lynnette akampaka uso rangi nyekundu na ya dhahabu. Akacheza juu ya lori mbele ya mji mzima.

"Alicheza vipi?" aliuliza Kioko.

"Kama mtu aliyetoka jela," alisema Lynnette.

Kuna mtu alimrekodi. Video ikafika simu ya baba kabla ya binti kufika nyumbani. Saa moja usiku, waliporudi, Ghanim alikuwa amesimama langoni, simu mkononi.

"Hakupiga kelele," alisema Ronny. "Hilo ndilo lilinitisha. Aliniambia, 'Nimekupa chumba, ukanichukulia mtoto.' Akatupa dakika tano tutoe mizigo. Tulitoka mbio, ufunguo nikausahau mfukoni. Nilivyogeuka alikuwa amemshika msichana mkono, hapa. Mama mtu alikuwa mlangoni. Hakusema kitu."

Mwanarehema alifungua faili. Maelezo ya mjane, Bi. Kuluthum, yaliandikwa asubuhi ile na Kioko, nyuma ya pazia, kwa sababu mwanamke alikuwa ameshaingia eda na wanaume wa nje hawakuruhusiwa kumwona.

"Hapa umeandika, 'Binti yangu alikuwa na homa, alilala ndani kutwa Jumamosi.' Ulimwona huyo binti?"

"Nilimsikia akikohoa."

"Homa ya tamasha," alisema Mwanarehema, akaendelea kusoma kwa sauti. "'Nilitoka kwa swala ya alfajiri, saa kumi na moja, nikamkuta mume wangu chini ya ngazi. Amelala kwa ubavu, amejikunja, macho wazi, kinywa wazi. Nikamnyoosha, nikamlaza chali, nikamfumba macho, nikamfunga taya, nikamwelekeza Kibla. Kisha nikaita majirani. Wageni walikuwepo jana, asubuhi hawapo.'"

Akafungua picha alizopiga Kioko. Ghanim alilala pale pale chini ya ngazi, ametulia kama aliyechongwa. Mikono imenyooshwa ubavuni. Vidole gumba vya miguu vimefungwa pamoja kwa utepe wa kanga. Macho yamefumbwa. Kitambaa cheupe kimepita chini ya kidevu na kufungwa fundo utosini, nadhifu. Kinywa kimefunga, mdomo kwa mdomo.

"Picha hizi ulizipiga saa ngapi?"

"Saa moja kasoro robo."

"Ulimgusa?"

"Niliinua mkono kidogo nione saa yake. Ulikuwa mgumu kama mpini wa jembe."

"Bibi yangu, kule Likoni, alikuwa muosha maiti wa wanawake," alisema Mwanarehema. "Akija mtu kumwita, kabla ya salamu aliuliza, amefungwa taya? Kwa sababu maiti huanza kukauka hapo. Taya kwanza, kisha shingo, kisha mikono. Kwa joto hili, ukichelewa masaa matatu, kinywa hubaki wazi mpaka kaburini. Vuta utakavyo, hakifungi."

Kioko alitazama picha, akamtazama mkuu wake.

"Mzee alikufa karibu saa nne usiku," aliendelea Mwanarehema. "Mkewe anasema alimkuta saa kumi na moja alfajiri. Hayo ni masaa saba. Mtu aliyekufa amejikunja, akakaa masaa saba, hanyooshwi na mwanamke mmoja. Hanyooshwi na wanaume watatu bila kuvunjwa. Na huyu tazama, amenyooka kama rula."

"Kwa hivyo alinyooshwa usiku."

"Akiwa bado moto. Na aliyemnyoosha alijua Kibla iko upande gani, alikuwa na kitambaa safi karibu, na hakumwita mtu. Fundi wa majokofu kutoka Voi akiua mtu gizani hukimbia. Hakai kumfunga vidole vya miguu."

Nyuma, Lynnette alianza kulia bila sauti. Ronny alikuwa akiutazama mgongo wa Mwanarehema kama mtu anayetazama mlango.

"Panda ukingoni mwa barabara, Kioko," alisema Mwanarehema. "Washa king'ora. Alasiri haitungoji."

Walipita Changamwe kwa ubavu, wakavuka kisiwa kwa kupenya kati ya wapiga matari na watoto waliovaa mabawa ya karatasi, na kila walipopita watu waliwapungia mikono wakidhani nao ni sehemu ya sherehe. Saa nane na robo walikuwa Mlaleo. Mwanarehema aliamuru gari lisimame mtaa wa pili, nyuma ya ghala la saruji, Kioko abaki humo na wageni, vioo juu. Waombolezaji wakimwona Ronny, hakimu asingehitajika.

Aliingia peke yake, akivuta mtandio kichwani. Wanaume wapatao sitini walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki barabarani, kanzu kwa kanzu. Jeneza lilikuwa limewekwa sebuleni, limefunikwa shali ya kijani. Aliuliza nani aliyeosha. Wakamwonyesha Zuhair, mtoto wa ndugu wa marehemu, mwanamume wa miaka arubaini mwenye ndevu zilizochongwa vizuri.

"Poleni na msiba," alimwambia.

"Tumeshapoa. Yule mbwa mmemkamata?"

"Nimekuja kukuuliza jambo moja. Ulipomgeuza ami yako, mgongo wake ulikuwaje?"

Zuhair alirudi nyuma hatua moja. "Dada, wewe ni Mwislamu?"

"Ndiyo."

"Basi wajua muosha hasemi aliyoyaona."

"Muosha hasemi aibu ya maiti. Sikuulizi aibu. Nakuuliza rangi."

"Hapana."

"Kuna mtu yuko hai, bwana Zuhair, na kesho atasomewa shtaka la mauaji. Ami yako hadhuriki tena. Huyo atadhurika kwa ulimi wako ulioutunza."

Zuhair aligeukia jeneza. Kisha akazungumza akiwa amelitazama vivyo hivyo.

"Mgongo ulikuwa umeiva kama zambarau. Kuanzia mabegani mpaka chini."

"Na mbavu?"

"Nyeupe. Zote mbili."

"Na taya?"

"Kitambaa tulikifungua tukamosha. Taya halikuanguka. Lilikuwa gumu."

Damu ya maiti hushukia upande aliolalia, hata mtoto wa muosha hulijua hilo. Ghanim hakulala usiku ule kwa ubavu; alilala chali. Mwanarehema alitoka kibarazani, akampigia Maxwell.

"Afande, simamisha maziko."

"Una nini?"

"Taya na mgongo."

Alimweleza kwa sentensi fupi, kama zipendwazo.

"Natuma gari la mochari," alisema Maxwell. "Ukikosea, utaandika barua zako ukiwa Turkana."

Wanawake walikuwa chumba cha ndani, wakisoma Yasini kwa sauti moja. Mwanarehema aliinua pazia, akasalimu, akaomba abaki na mjane na binti yake. Wakatoka mmoja mmoja, wakimwangalia kama aliyekanyaga mkeka na viatu.

Bi. Kuluthum alikaa juu ya godoro, nguo nyeupe, uso mkavu. Kando yake Samah, kichwa amekifunga kanga mpaka nyusi. Nyuma ya sikio lake palikuwa na chembe ya rangi ya dhahabu isiyotoka kwa maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Wewe wa wapi?"

"Likoni. Mtongwe."

"Kwa nani?"

Mwanarehema alimtajia bibi yake. Kuluthum alitikisa kichwa taratibu, kwa kumkumbuka.

"Ndiye aliyemuosha mamangu. Alikuwa na mkono mwepesi. Basi wajua mambo."

"Najua machache. Mama, kabla hujasema, sikiliza. Hulazimiki kuniambia lolote. Utakalosema naweza kuliandika na likafika mahakamani."

"Nimeshasema na yule askari wa asubuhi."

"Ulisema ulimkuta alfajiri, amejikunja, kinywa wazi."

"Ndivyo."

"Ukamnyoosha peke yako."

"Ndivyo."

"Ulipomfunga taya, lilifunga?"

Kuluthum alifungua kinywa, kisha akakifumba. Alimtazama Mwanarehema mikononi, kana kwamba anatafuta mikono ya mtu mwingine.

"Lilifunga," alisema.

"Basi alikuwa angali moto."

"Ni mimi," alisema Samah.

"Nyamaza."

"Ni mimi niliyemsukuma. Mama hakuwepo. Alikuwa ananipandisha juu, nikamsukuma, akaanguka."

"Ulimsukuma wapi?" aliuliza Mwanarehema.

"Kifuani."

"Alikuwa amekushika wapi?"

Mwanarehema aliomba ruhusa kwa macho, akaifungua ile kanga. Upande wa kulia, juu ya sikio, nywele zilikuwa zimeng'oka, ngozi ikiwa nyekundu na mbichi, kipande kikubwa kama kifuniko cha chupa.

"Alikushika nywele," alisema. "Alitangulia kupanda, wewe nyuma yake, anakuvuta. Hukuwa na kifua cha kusukuma, Samah, mbele yako palikuwa na mgongo wake tu. Na baba yako alianguka kwa kisogo. Mtu anayepanda ngazi huanguka kwa kisogo akivutwa kutoka chini." Akaweka simu juu ya godoro, picha ikiwa imekuzwa. Chini ya kitambaa cha taya, kwenye koo la Ghanim, palikuwa na mstari mwembamba mwekundu. "Huu si wa kitambaa. Kitambaa kimepita juu yake. Huu ni wa kola ya kanzu. Kuna aliyeishika kanzu kwa nyuma akavuta, kwa nguvu za mtu aliyekwisha kuamua."

"Nalikuwa sijaamua," alisema Kuluthum. "Nalivuta tu."

"Mama."

"Nyamaza, Samah. Umesema uongo wako, umesikiwa, yatosha." Akajiweka sawa godoroni. "Alikuwa na wembe. Alisema amnyoe kipara, amfungie chumba cha juu mpaka apatikane wa kumwoza, hata awe nani. Nalimwambia, mwache. Miaka thelathini nimemwambia, mwache. Mwache huyu, wacha hili, wacha leo. Jana sikumwambia. Nalivuta."

"Wembe uko wapi?"

"Kwenye kasha, chini ya udi. Uchukue."

"Alikufa papo hapo?"

"Hapana. Alikaa kitambo. Nalimtilia maji kwa pamba. Nalimtamkisha shahada, akaitamka. Akenda."

"Kitambo gani, mama?"

"Cha kusoma Yasini mara mbili."

"Una simu."

"Ninayo."

"Hukumpigia mtu."

"Sikumpigia."

Sauti za wanaume barabarani ziliingia na kutoka. Mwanarehema aliandika. Alipomaliza aliinua kichwa.

"Na wageni?"

"Sikuwataja kwa ubaya. Soma karatasi yako. Nalisema walikuwepo, asubuhi hawapo. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli. Uliacha watu wamalizie."

"Naliacha."

"Kijana yule angeozea gerezani."

"Angeozea," alikubali Kuluthum, kama anayekubali bei ya vitunguu. "Nalipiga hesabu usiku kucha, mwanangu. Mtoto wa watu kwa mtoto wangu. Nalimchagua wangu. Ungechagua nani wewe?"

Mwanarehema aligeuza ukurasa; halikuwa swali la upelelezi.

"Nikuulize na mimi," alisema Kuluthum. "Kilichonifichua ni taya?"

"Taya, na jinsi ulivyomnyoosha. Ungemwacha alivyoanguka, ningekuwa bado nahangaika na fundi wa majokofu."

"Ningemwacha? Mato yamekodoka, kinywa wazi kama samaki wa jana? Mume wangu?" Kwa mara ya kwanza sauti ilimkwaruza. "Basi nimekamatwa kwa adabu zangu."

"Ndivyo, mama."

"Yule kijana mfungulieni, basi. Na huyu mwanangu mwacheni. Maziko je?"

"Maziko hayatakuwa leo. Daktari lazima amfungue."

Samah aliuficha uso kwenye bega la mama yake. Kuluthum alimkumbatia kwa mkono mmoja, akalipokea hilo nalo bila kupepesa.

Mwanarehema alimtumia Kioko ujumbe: wafungue pingu, wape maji, wasishuke. Nje, kelele zilipanda ghafla kisha zikashuka. Gari la mochari lilikuwa limefika, na Zuhair alikuwa akizungumza na wanaume kwa sauti ya kuzima moto. Nyayo zikaja hadi kwenye pazia. Zilisimama hapo.

"Mama," alisema Zuhair kutoka upande wa pili. "Wanamtoa ami. Hatujui watamrudisha lini, wala vipi. Njoo umtake radhi kabla hajatoka. Tumewaondoa wanaume sebuleni."

Hilo halina mjadala katika nyumba zile. Mke hupelekwa mbele ya mumewe mara ya mwisho, na kwa yote yaliyopita baina yao humwomba radhi. Wanawake walikuwa wamekwisha kujipanga ukumbini, pande mbili, wakimwachia njia. Hata Mwanarehema alisimama na kujibanza ukutani ili apite, na kuamua kwamba pingu zitangoja.

Kuluthum hakuinuka.

"Mwambie ende," alisema.

"Mama, watu wanangoja."

"Nimemfumba mato. Nimemfunga taya. Nimemwelekeza Kibla. Haki yake yote nimempa."

"Neno moja tu, mama. Watu watasema nini?"

"Waseme. Radhi simtaki, Zuhair. Simtaki leo, na akirudi simtaki."